Kijana wa miaka 16 anataka kazi ya likizo, ushauri wenu wakuu

Baba Pacha:
Habari za humu. Kijana wangu ana miaka 16, likizo imeanza na kasema mwenyewe anataka kazi. Mama yake hataki kusikia, anasema akishaonja hela masomo basi. Mimi naona aanze mapema, ila sitaki akawe wa kutumwa chai tu. Kazi ya namna gani itamfunza kitu? Karibuni.

Mtunza Stoo:
Mkuu, usihangaike na aina ya kazi. Angalia kama atakabidhiwa kitu ambacho kikienda kombo ataulizwa yeye. Mimi kijana mgeni nampa daftari la kupokea mzigo: ahesabu, alinganishe na karatasi ya dereva, ndipo asaini. Wengi siku ya kwanza wanasaini kwanza kwa sababu dereva ana haraka. Boksi likipungua jioni, tunarudi kwenye ile sahihi. Anayepita hapo humwambii tena kuhusu umakini. (Na chai msiidharau. Kukumbuka nani hanywi sukari nako ni kazi.)

Bi Kanuni:
Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unataka umri wa kuanza kazi usiwe chini ya miaka 15, na nchi ambazo uchumi na elimu yake bado havijaendelea vya kutosha zinaruhusiwa kuanzia 14. Kazi za hatari ni 18. Kwa hiyo wako yuko sawa, lakini mitambo, kemikali na zamu za usiku akae mbali. Sheria ya nchi yako nayo isome. Mtunza Stoo, daftari sawa, mizigo mizito usimbebeshe!

Kipanga:
Wewe usimtafutie. Aende akaombe mwenyewe, kukataliwa kutamfunza kujieleza.

Mama Wawili:
Mwambie shemeji asiogope. Ujerumani vijana wa mafunzo ya ufundi hugawa wiki, siku kadhaa kazini na nyingine shule ya ufundi. Tatizo ni saa kutokuwa na mpaka. Kabla hajaanza mjue nani anamsimamia, anatoka saa ngapi, analipwa au anajifunza tu. Ukisikia "aje tu, tutaongea", ujue anakwenda kutumikishwa bure.

Baba Pacha:
Nimewasoma, shukrani. Mama yake kalegea, kwa sharti saa nane mchana awe nyumbani. Kipanga, akiulizwa ana uzoefu gani ajibu nini?

Kipanga:
Aseme hajawahi kuajiriwa, kisha ataje alichowahi kushika: kama alitunza hela za klabu shuleni, aeleze alivyokuwa akiziandika. Na asiseme "kazi yoyote tu". Ataje siku na saa anazopatikana, mwenye kazi ajue ampange wapi.