Mbio za baiskeli za maili 10: nimepitwa na mzee wa miaka 71, ninunue baiskeli nyingine?

Mpangani_Ughaibuni

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua, na wenye kutaka kucheka wacheke wamalize kwanza.

Nipo Lincolnshire, Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Nafanya kazi ghala la kufungasha mboga, zamu ya usiku. Baiskeli nilinunua ya mtumba kwa pauni 240, ya mbio, ile yenye hendeli iliyojikunja kama pembe za kondoo. Ni ya kwendea kazini tu, maili 6 kwenda na 6 kurudi. Baada ya mwaka nikaanza kujiona. Mpolandi mmoja kazini akaniambia Jumatano jioni klabu ya hapa huwa na mbio za kushindana na saa, maili 10, ambazo ni kama kilomita 16 na kidogo. Jumatano ni siku yangu ya mapumziko. Nikaenda, nikalipa pauni 5, nikapewa namba 12 ya kubandika mgongoni.

Kwa wasiojua: hamwondoki kundi. Kila baada ya dakika moja anaondoka mtu mmoja. Bwana mmoja anakushikilia baiskeli kwa nyuma, miguu yako yote miwili iko kwenye pedali, umetulia pale kama mtoto anayefundishwa. Mwenye saa anahesabu tano, nne, tatu, mbili, moja, unaachiwa. Unanyonga maili 5 mpaka kwenye kipilefti, unazunguka, unarudi. Ukimkaribia aliye mbele yako ni marufuku kujificha mgongoni kwake ili akukingie upepo. Mpite, au kaa mbali.

Nilitaka kurudishwa kabla sijaanza. Kofia ngumu ninayo, taa ya nyuma ninayo, ya mbele sina, na bila taa hukubaliwi hata jua liwe linawaka. Mzee mmoja mwembamba, kichwa mvi tupu, akatoa kitaa mfukoni, hakizidi kidole gumba, akanifungia mwenyewe kwenye hendeli kwa mpira. Yeye alikuwa namba 14.

Wakuu, kwenda niliruka. Kikompyuta cha hendeli kinasoma kilomita 42, 43 kwa saa, kuna mahali kilifika 47. Huku kwenyewe ni tambarare kama sinia. Nikajisemea, kumbe hawa watu wa kawaida tu. Kipilefti nikakifikia kwa dakika 11:30. Nikageuka.

Mimi ni mtoto wa pwani, baba yangu alikuwa mvuvi, nina aibu hata kuandika hili. Muda wote ule upepo ulikuwa wa tezi, mimi nikadhani ni miguu yangu. Nilipogeuka ukawa wa omo, nikahisi mtu ameweka kiganja kifuani pangu ananisukuma nirudi nilikotoka. 27. 25. Mapaja yanawaka, mate yamekuwa gundi.

Kama kilomita tatu hivi baada ya kugeuka nikasikia ngurumo nyuma, vuuuuu, kama feni kubwa ya ghalani. Ni yule mzee wa taa. Gurudumu lake la nyuma limezibwa lote kama sahani, yeye mwenyewe amelala juu ya baiskeli, mgongo ungeweza kuweka kikombe cha chai kisimwagike. Akasema neno, upepo ukalichukua. Akawa mdogo, akawa nukta, akapotea.

Mimi 29:41. Yeye 24:50. Kwenye chai ndipo nikaambiwa ana miaka 71.

Sasa swali. Kuna mtu anauza baiskeli maalumu ya mbio hizi, pauni 900. Ninazo, ila ndiyo akiba ya tiketi ya Desemba kwenda nyumbani. Ninunue? Au tatizo ni mimi?

Kahama_Hadi_Kucha

Ngoja nielewe. Unatoa hela yako mfukoni ushindane na saa, na saa yenyewe haina habari kama mnashindana?

Huku kwetu kuna jamaa anatoa mkaa porini kwa baiskeli ya Phoenix, magunia matatu, usiku wa manane, ili alfajiri awe ameshapita kizuizi kabla watu wa maliasili hawajaamka. Hana kikompyuta wala namba mgongoni. Akichelewa dakika kumi amelala ndani. Huyo ndiye anashindana na saa.

Tiketi usiguse.

Mama_Gia

Uniamkie kwanza, mimi nina miaka 58 na mwanangu wa mwisho nadhani mko sawa.

Mimi ni wa Kisauni, niko Yorkshire miaka mingi, kazi uuguzi. Hizi mbio nilianza 2006 baada ya daktari kunitisha na sukari. Maili 10 yangu bora ni 25:12, na siifikii tena. Kwa hiyo huyo mzee wako angenipita na mimi, usilie peke yako.

Pauni 900 zirudishe zilipokuwa. Tazama hesabu yako mwenyewe. Kwenda 11:30, basi kurudi ni 18:11. Yaani 42 kwa saa kwenda, 26 na nusu kurudi. Watu wote wapya hufanya hivyo: pale ambapo baiskeli yaenda yenyewe ndipo wanapomwaga nguvu, wakifika penye kazi mfuko mtupu. Lakini muda hukaa wapi? Hukaa pale unapokwenda polepole, kwa sababu huko ndiko unakokaa wewe. Ungejizuia kwenda ukapiga 40 badala ya 42, ungepoteza sekunde 34. Hiyo pumzi uliyobakiza ikakurudisha kwa 29 badala ya 26 na nusu, unaokoa dakika moja na nusu. Toa na jumlisha, uko 28:43, na hujanunua hata nati.

Kwenye upepo wa nyuma, nyonga kama mtu mwenye deni la kulipa mbele. Ukiona raha dakika tano za mwanzo, basi mwendo ni sawasawa. Ukigeuka kwenye kipilefti ndio uanze kuumia, na uumie kidogo kidogo, si kwa pupa.

La pili ni hewa. Kwa mwendo huo adui yako si uzito wala baiskeli, ni hewa, na deni lake halipandi kwa haki. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa yatakiwa mara nane. Ndio maana kutoka 25 kwenda 30 mtu aweza kwa mazoezi, kutoka 40 kwenda 45 mtu huuza gari anunue vifaa. Na sehemu kubwa ya kinachopigwa na hewa ni mwili wako, ulivyokaa wima kama uko barazani wangoja kahawa. Yule mzee hana mapaja kukushinda. Amejifanya mdogo tu.

Niambie: ulivaa nini?

Mpangani_Ughaibuni

Shikamoo Mama. Samahani sana, nilipitiwa.

Nilivaa kaptura ya mpira na koti la mvua la kazini, lile la njano linalong'aa. Nilihisi baridi.

Mama_Gia

Marahaba mwanangu.

Koti la njano! Hilo si koti, ni tanga la jahazi. Ulitweka tanga ukenda mbisho.

Fanya hivi Jumatano ijayo, kwa gharama ya sifuri. Vaa jezi ya kubana, hata kama ni saizi ya mdogo wako. Namba ibandike chini kiunoni, pini nane, pande zote, isipepee. Ikipiga pa-pa-pa mgongoni ujue hiyo pia unaivuta. Shika hendeli pale juu kwenye vishikio vya breki, kunja viwiko mpaka mikono ya mbele ilale sambamba na barabara, kisha ingiza kichwa katikati ya mabega kama kobe. Macho yabaki mbele. Watu huinamisha uso watazame gurudumu na huko kuna magari yaliyoegeshwa. Shingo itauma. Fanyia mazoezi njia ya kazini, si siku ya mbio.

Ukiendelea kupenda mchezo, baadaye tafuta vile vyuma viwili vya kulazia viwiko, vya mtumba havizidi pauni 30, vyafungwa kwenye hendeli hiyo hiyo uliyo nayo. Lakini ujue ukivilalia mikono iko mbali na breki, kwa hiyo penye magari mengi au karibu na kipilefti usivitumie. Mimi nina kovu la goti kwa ukaidi huo.

Na kupitwa usikuonee haya. Mwaka 1967, huku huku Yorkshire, kulikuwa na mbio za saa 12: anayekwenda mbali zaidi ndiye mshindi. Beryl Burton, mama wa mtoto mmoja, kibarua wa shambani, hajawahi kulipwa mshahara wa kuendesha baiskeli maisha yake yote. Wanaume waliondoka kabla ya wanawake. Jioni akamfikia Mike McNamara, ambaye mwenyewe alikuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume. Alipokuwa sambamba naye akatia mkono mfukoni akampa peremende. Yule bwana akasema asante akaila, na mama akaenda zake. Akamaliza maili 277.25. McNamara rekodi ya wanaume aliivunja kweli siku hiyo, na bado mama alikuwa mbele. Ikachukua miaka miwili mwanamume kuifikia ile namba.

Wewe ulipewa taa, McNamara alipewa peremende. Mko pamoja.

Mnyamirambo

Hapa Kigali Septemba 2025 tuliona mbio hizo za kushindana na saa, za ubingwa wa dunia, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Kilomita 40.6 na vilima juu yake. Tulikuwa tunatazama simu na barabara kwa zamu. Pogačar, ambaye mwaka huo alikuwa amechukua Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, alitangulia kuondoka dakika mbili na nusu kabla ya Mbelgiji Evenepoel, na akapitwa kabla hajamaliza. Pogačar! Watu walinyamaza, halafu wakapiga kelele kama ni goli. Wiki moja baadaye Pogačar huyo huyo akashinda zile za barabarani, wanapoondoka wote pamoja.

Mpangani, upo kundi zuri. Mimi nina swali langu dogo: hiyo barabara yenu ina jina? Ningependa kuiona kwenye ramani.

Mpangani_Ughaibuni

Hilo ndilo nilitaka kuuliza na mimi. Kwenye karatasi hawakuandika jina la barabara. Wameandika herufi na namba, kama nywila ya simu. Nilikwenda kwa sababu yule Mpolandi alinitumia pini ya ramani.

Mama_Gia

Hayo ni mabaki ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 chama cha waendesha baiskeli cha huku kilipiga marufuku mbio za barabarani, kiliogopa polisi na malalamiko ya watu wenye farasi isije baiskeli yenyewe ikafungiwa. Mwaka 1895 bwana mmoja, F. T. Bidlake, na wenzake wa klabu ya North Road wakapata ujanja: watu waondoke mmoja mmoja, wapishane kwa dakika. Polisi akitazama haoni mbio, aona mtu anajiendea zake. Walivaa nguo nyeusi tangu shingoni mpaka miguuni, wakaondoka alfajiri, na njia wakazipa majina ya siri. Miaka mingi karatasi za mbio ziliandikwa "siri". Siku hizi hakuna anayekukamata, lakini zile herufi na namba wamezing'ang'ania.

Kahama_Hadi_Kucha

Subiri. Nguo nyeusi, alfajiri, mmoja mmoja, njia ya siri, polisi asijue.

Kumbe ni mambo ya mkaa! Mama samahani, nafuta kauli yangu ya mwanzo. Kesho namwambia yule jamaa wa Phoenix kwamba Uingereza angepewa namba.

Mpangani_Ughaibuni

Narudi na majibu, wiki mbili zimepita. Wiki ya kwanza ilinyesha, wakaahirisha. Jana nimepanda.

Upepo uleule, kidogo pungufu. Koti nikaliacha kwenye gari la Mpolandi. Jezi nimevaa ya mpira wa miguu, ya mtoto wake wa miaka 14, imenibana mpaka kitovu kinaonekana, watu hawakucheka, wazungu wana adabu hiyo. Kwenda nilijizuia kwa nguvu zote. Hilo ndilo gumu kuliko kunyonga. Kuna dada wa namba 9 aliyekuwa mbele yangu, nilimwona mgongo, miguu ikawa inaniomba ruhusa. Nikasema tulieni. Kipilefti 12:05, na mdomo bado umefunga.

Kurudi nikawa kobe. Shingo Mama hukusema uongo, leo nageuka mwili mzima nikiitwa. Namba 9 nilimpita kilomita mbili kabla ya mwisho, nikamwambia neno la kumtia moyo, nadhani upepo ulilichukua. 15:57 kurudi. Jumla 28:02.

Mzee safari hii alipangwa mbele yangu, kwa hiyo hakunipita, sikumwona hata vumbi. 24:31. Kwenye chai nikampelekea kitaa chake, nimekisafisha na kukichaji. Akakitazama, akanirudishia. Akasema kaa nacho, jioni zinaanza kuwa fupi.

Kahama_Hadi_Kucha

Tiketi je?

Mpangani_Ughaibuni

Nimekata. Hela iliyobaki nimenunua jezi, ya saizi yangu.