Neno "vug" limetoka wapi?

Fundi wa Karoti, Lubumbashi:
Jambo wandugu. Kazi yangu ni kuosha na kupanga karoti, si za sokoni, ni zile nguzo za mwamba zinazotolewa na mashine ya kuchoronga. Jana, mita ya 84, nilikuta tundu la kuingia kidole gumba. Ndani limevaa malakiti, madini ya shaba, sindano ndogondogo za kijani, laini kama mahameli. Mgeni anayetusimamia akaandika "vug". Nilidhani ni kifupisho. Akasema ni neno la watu wa Cornwall. Limefikaje huku kwetu?

Mwana Mwamba:
Yaya, amesema kweli. Cornwall ni rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza, lakini lugha yao ya asili, Kikorni, ni ndugu wa Kiwelisi na Kibretoni. Walichimba bati na shaba. "Vooga" kwao ni pango. Kiingereza cha migodini kikalikata likabaki "vug". Bei ya shaba ilipoanguka miaka ya 1860, wengi walihamia Australia, Marekani na Afrika Kusini, wakaenda na maneno yao. Na lugha yenyewe ilikuwa imeshanyamaza majumbani! Dolly Pentreath, anayetajwa miongoni mwa wasemaji wake wa mwisho, alifariki 1777. Neno la shimoni likaishi kuliko lugha iliyolizaa.

Mzee wa Zamu:
Wanangu, sisi wa Kifaransa tulisema jeodi, yaani jiwe lenye uwazi ndani, ila tulichanganya. Jeodi inatoka nzima, unaiweka mezani. Vug ni nafasi tupu tu. Ukivunja mwamba, imekwisha. RSC yetu, ule mwamba wa silika wa huku kwetu, imejaa matundu hayo, maji yaliyeyusha madini ya dolomia yakaacha wazi.
Neno "gossan" nalo ni la hao watu wa Cornwall: ule mwamba wa kutu juu ya mshipa wa madini, tuliouita kofia ya chuma. Huunganishwa na neno lao "goos", damu. Utazame mwamba huo asubuhi baada ya mvua, utawaelewa.

Fundi wa Karoti:
Asante baba, asante mdogo wangu. Kumbe waliona pango, wakasema pango. Leo kwenye safu ya maelezo nimeandika: "Pango dogo, sm 2, malakiti ndani." Kijana aliyenipokea zamu amesoma, akaenda moja kwa moja kwenye kasha, akaingiza kidole.