Tupeane uzoefu: mfululizo wa riwaya za upelelezi ulioupenda ulipogeuka njia, ulifanyaje?

Kachero wa Kurasa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi nimemaliza kitabu kipya cha mfululizo ambao nimeufuata tangu kitabu cha kwanza, na hadi sasa roho haijatulia. Jina siutaji. Mwandishi yuko hai na sitaki mada igeuke ya kumsema mtu. Nitaeleza yaliyonikuta, nanyi mlete yenu.

Mpelelezi wangu alikuwa mtu wa daftari. Kila usiku, kesi iwe imefikia wapi, alikaa akaandika maswali matatu aliyokosa majibu yake. Kwa nini mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani? Nani alijua kwamba marehemu amebadilisha wosia? Mara nyingi nilifunga kitabu hapo hapo, nikalala nikiyawaza. Zipo kesi nilimtangulia kumjua muuaji, na zipo nyingi zaidi alizoniacha mbali, lakini hata aliponiacha nilirudi nyuma nikaona kila kitu kilikuwa kimewekwa wazi mbele yangu. Raha yangu yote ilikuwa humo.

Tangu vitabu vitatu vilivyopita daftari limetoweka. Halikuchomwa wala kupotea, limeachwa tu kutajwa. Badala yake zimekuja sura za muuaji, zimechapwa kwa herufi za mlazo, anaongea peke yake gizani. Sasa najua anachopanga kabla mpelelezi hajajua, na kazi yangu imebaki kumsubiri mpelelezi anifikie. Wauaji nao wote wana kisasi naye binafsi: mmoja alimfunga zamani, mwingine ni ndugu wa yule aliyefungwa, na huyu wa mwisho ni bosi wake mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni waliouawa. Vitabu vya mwanzo vilimpa kila marehemu maisha yake. Tulijua anadaiwa na nani, amegombana na nani, nani atamlilia kwa dhati na nani atajifanya. Katika hiki kipya kuna mwanamke anauawa kurasa za mwanzo kabisa, na baada ya hapo jina lake linaonekana kwenye jalada la kesi tu. Ameuawa ili mpelelezi apate hasira.

Sidai mwandishi aandike kitabu kile kile hadi uzeeni. Ninachodai ni kwamba kati yetu kulikuwa na makubaliano: yeye anionyeshe ushahidi, mimi nimpe akili yangu yote. Kuyavunja kimyakimya, jina la mpelelezi likiwa pale pale juu ya jalada, naona ni kumdhulumu msomaji.

Karibuni. Mwenye kufichua kifo au muuaji wa kitabu anachokitaja kwa jina, aonye kwanza.

Binti Maktaba

Pole sana mkuu, hayo ya herufi za mlazo nayajua.

Langu ni la mke. Kwenye mfululizo wangu mpelelezi alikuwa na mke, mwalimu, mwanamke mcheshi asiyemwogopa. Kesi ikimshinda, anamsimulia mkewe jikoni, naye anauliza swali moja ambalo askari wote hawakuliwaza. Wakamuua. Hakuuawa kwenye kesi yoyote ya maana, ni risasi ya njiani. Nililia, sifichi. Ila kifo chenyewe ningekivumilia, maana vifo vya namna hiyo vipo. Kilichonishinda ni vitabu vilivyofuata. Mpelelezi analewa, anagombana na wenzake, halafu anapata mwanamke mpya kila kitabu, na kesi inatatuliwa na msaidizi wake kwa simu. Lile swali la jikoni halikupata mrithi. Mwandishi alitoa nguzo bila kujua kwamba nyumba ilikuwa imeiegemea.

Niliacha. Vitabu vinne vya mwanzo ninavyo na navirudia.

Msomaji Mkongwe

Wanangu, hili ni la zamani kuliko sisi sote. (Tahadhari: nafichua ya Sherlock Holmes, kama yupo ambaye hajayasikia.)

Arthur Conan Doyle, mwandishi wake, alianza kumchoka mpelelezi huyo mapema. Mwaka 1891 alimwandikia mama yake kwamba anafikiria kummaliza, mama akakataa katakata. Alitaka muda wa kuandika riwaya zake za historia, ambazo yeye ndizo alizoziona za maana. Desemba 1893, katika jarida la Strand, akamtumbukiza kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi. Wasomaji waliandika barua za hasira na wengi wakaacha kulinunua jarida. Alishikilia msimamo miaka. Mwaka 1901 akaleta The Hound of the Baskervilles, lakini kama kesi ya kabla ya kifo. Mwaka 1903 ndipo akamfufua, na rafiki yake Watson, msimulizi wa hadithi hizo, akazimia kwa kumwona.

Conan Doyle mwenyewe amesimulia kwamba msomaji mmoja alimwambia huenda Holmes hakufa alipoanguka, ila tangu siku ile hakuwa tena mtu yule yule. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana, maana nami nilihisi hivyo ujanani na sikuwa na wa kumwambia. Hadithi za baadaye zina ufundi, zipo hata zinazozidi za mwanzo kwa fumbo. Lakini ule uhai wa wale wawili, Holmes na Watson, mmoja anamchokoza mwenzake asubuhi kabla mteja hajagonga mlango, mimi niliuona umepungua.

Kwa hiyo mleta mada, uchovu wa mwandishi msomaji huusikia. Hata asipouona kwenye sentensi, anausikia.

Nukta Tatu

Mimi nipo upande mwingine, mnisamehe. Mageuzi mengine ndiyo yaliyonifanya nibaki.

Chukueni Lord Peter Wimsey, mpelelezi wa mwandishi Dorothy L. Sayers. Alianza mwaka 1923 akiwa bwana tajiri mwenye maneno mengi, mafumbo yake yamenyooka, na mimi nilimsoma bila kumpenda. Kisha mwaka 1930, katika Strong Poison, anatokea Harriet Vane, mwandishi wa riwaya za upelelezi anayeshtakiwa kwa kumuua mpenzi wake. Tangu hapo Wimsey anakuwa mtu. Gaudy Night ya 1935 haina mauaji hata moja. Kuna barua za matusi zisizo na jina katika chuo cha wanawake kule Oxford, na kuna swali zito: je, mwanamke anaweza kuolewa na bado akaheshimu kazi ya akili yake? Nimekisoma nikiwa nimechanganyikiwa na maisha yangu, na hakuna riwaya ya maiti kumi iliyonishika hivyo.

Kwa hiyo msiseme kugeuka ni kosa. Semeni kugeuka kwenda wapi.

Binti Maktaba

@Nukta Tatu dada, nakuheshimu, ila hicho hicho Gaudy Night mimi nilikisubiria maiti hadi nikakata tamaa. Ni kitabu kizuri, nakubali. Lakini msomaji aliyekuja kwa ajili ya fumbo ana haki ya kuvunjika moyo.

Nukta Tatu

Haki anayo. Ila angalia tofauti na cha mleta mada. Sayers hakuondoa makubaliano yenu. Dalili zote za nani anaandika barua zile zimo humo, msomaji makini anazikamata. Alipunguza damu tu, fumbo akaliacha.

Kachero wa Kurasa (mleta mada)

Hapo umenisaidia, Nukta Tatu. Nilikuwa natafuta maneno ya kulisema hilo. Mpelelezi wangu angeoa, angeacha kazi, angehamia kijijini kufuga nyuki, ningemfuata. Anavyozeeka Rebus, mpelelezi wa mwandishi Ian Rankin, kitabu hadi kitabu, kisha akastaafu katika Exit Music ya 2007 na kurudi mwaka 2012 akishughulikia kesi za zamani, mimi sikuona nimepotezwa. Mtu amebadilika, namna ya kufikiri kesi haikubadilika.

Jalada Gumu

Yangu fupi. Mwandishi alifariki, warithi wakampa mtu mwingine aendelee. Jina la marehemu likawekwa kwa herufi kubwa, la mwandishi mpya dogo chini kabisa, na mimi nikadhani ni kitabu kilichopatikana kwenye makaratasi yake. Kufika katikati nikaona mpelelezi anatukana. Hajawahi kutukana. Nikageuza jalada kusoma vizuri.

Sipingi kukabidhiana. Mwandishi Lee Child alipoanza kumwachia mdogo wake Andrew mhusika wake Jack Reacher, The Sentinel ya 2020 ilitoka na majina ya wote wawili. Msomaji anaamua akiwa anajua. Wangu walinifanya nigundue mwenyewe.

Sauti ya Pili

Hakuna aliyegusa suala la ratiba. Mifululizo mingi inayouza sana hutakiwa kutoa kitabu kila mwaka. Ukiangalia ule niliouacha, vitabu vitatu vya kwanza vilipishana miaka, na kila kimoja kinaonyesha mtu aliyeketi na fumbo lake akaligeuza pande zote. Vilipoanza kutoka kila mwaka, fumbo likawa jepesi na mateso ya mpelelezi yakaongezeka, kwa sababu mateso hayahitaji kupangwa. Unamtekea binti yake, kurasa mia zimeenda. Wangu alitekewa binti, kisha dada, kisha binti tena.

Nawaonea huruma waandishi, kusema kweli. Agatha Christie alikuwa na busara ya kuandika mwisho wa mpelelezi wake Poirot mapema, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaufungia. Curtain ilitoka mwaka 1975, na imemrudisha Poirot Styles, nyumba ile ile ya kitabu cha kwanza cha 1920. Uliandikwa angali na nguvu, na unaonekana.

Mgeni Humu

Samahani wakubwa. Nimeanza mfululizo fulani, nimefika cha tano, na napenda kupita kiasi. Kila mtu ananiambia cha nane kinaharibu. Niishie cha saba?

Msomaji Mkongwe

Usiishie kwa maneno ya watu, mwanangu. Wapo waliokwambia kinaharibu kwa sababu mpelelezi kaoa.

Kachero wa Kurasa (mleta mada)

Naungana na mzee. Ila cha nane kiazime, usikinunue kwanza. Soma sura tatu za mwanzo uangalie mambo mawili: aliyeuawa ni nani kwa watu wake, na je, mpelelezi anajua kitu ambacho wewe umefichwa. Ukiona aliyeuawa hana hata mtu wa kumlilia, kirudishe. Na kama ni mfululizo ninaoudhania mimi, usisome maelezo ya nyuma ya jalada la cha tisa kabla ya kumaliza cha nane, yanataja aliyekufa kwenye mstari wa kwanza.