Tupeane uzoefu: ushindi wa kiroho unalindwaje shangwe zikiisha?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Bingwa wa Kombe la Dunia hushangiliwa usiku mmoja, na miaka 4 baadaye anaanza upya kama wengine. Ufaransa 2002, Italia 2010, Hispania 2014, Ujerumani 2018: wote walikuja wakiwa mabingwa watetezi, wote wakatolewa hatua ya makundi. Hata kombe la Jules Rimet, yaani Kombe la Dunia la zamani, walilopewa Brazil moja kwa moja mwaka 1970 baada ya kulitwaa mara ya tatu, liliibwa Rio de Janeiro mwaka 1983 na halijaonekana tena. Sasa aliyemwamini Kristo afanye nini ili ushindi wake usibaki kwenye mkutano wa injili? Tuweke shuhuda pembeni, tupeane mbinu.

*Mwalimu wa Biblia*

Anza na 1 Wakorintho 9:24–27. Michezo ya Isthmia, mashindano ya Wagiriki wa kale, ilifanyika kila baada ya miaka 2, jirani kabisa na Korintho, na kwa muda mrefu taji yake ilisukwa kwa selari, mmea wa majani, iliyokwisha kunyauka. Yaani mshindi alivikwa kitu kilichokauka tayari! Paulo anaposema "taji iharibikayo", Wakorintho hawakuhitaji ufafanuzi.

Ila tusichanganye mambo. Mwanariadha hufanya mazoezi ili ashinde. Sisi ushindi tumepewa na Mungu kwa Bwana wetu Yesu Kristo (1 Wakorintho 15:57), na mazoezi yetu ni ya kuishi ndani yake. Ukigeuza mpangilio huo, kila siku uliyokosa kuomba utaiona kama umepoteza wokovu, na mtu wa namna hiyo huchoka mapema.

Mazoezi yenyewe yawe na kipimo. Washindani wa Olimpia, michezo mingine ya Wagiriki wa kale, waliapa kwamba wamejiandaa miezi 10. Biblia ina sura 1,189. Ukisoma 4 kwa siku unaimaliza ndani ya siku 298, karibu miezi 10 hiyohiyo. Ukiona ni nyingi, Agano Jipya lina sura 260: sura 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mwaka mzima. Wengi huanzia Mwanzo kwa kasi halafu wanakwama Walawi. Anayeanza aanzie Marko, sura 16 tu.

*Kocha wa riadha*

Naongezea hapo kwenye kipimo. Mkimbiaji mgeni huumia kwa sababu ya kuongeza mzigo haraka, na kwenye maombi ni vilevile. Anayeanza kwa kuomba muda wa saa 2 kila alfajiri huacha wiki ya pili. Anza na dakika 15, saa ileile, mahali palepale, simu ikiwa chumba kingine. Ukikosa siku moja, usilipe deni. Soma fungu la leo uendelee, maana sura za kufidia ndizo zinazomfanya mtu aifunge Biblia kabisa.

*Mlezi wa vijana*

Hatari kubwa naiona siku inayofuata ushindi. Nabii Eliya alishusha moto mlimani Karmeli (1 Wafalme 18), na sura ya 19 inamkuta chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Tazameni Mungu alivyomhudumia: usingizi, mkate, maji, usingizi tena, chakula tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko mlima Horebu. Kwa hiyo baada ya mfungo au mkesha, kula taratibu, lala vya kutosha, usifanye uamuzi mkubwa siku hiyo, na usikae peke yako jioni.

Andaeni pia maneno ya kujibu. Yesu jangwani alimjibu mjaribu mara 3, na majibu yote yametoka Kumbukumbu la Torati 6 na 8. Kariri mstari 1 kwa wiki unaogusa jaribu lako hasa. Mwenye hasira akariri Yakobo 1:19–20, usiku mmoja auandike kwa mkono bila kuangalia.

*Mwalimu wa Biblia*

Na aliyeanguka? Kule Olimpia, faini za waliotoa hongo zilitengenezewa sanamu za shaba za Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, zikapangwa njiani kuelekea uwanjani ili kila mshindani azipite. Kwetu kosa lililoungamwa halijengewi sanamu (1 Yohana 1:9). Litaje kwa jina lake siku hiyohiyo. "Nisamehe yote" ya jumla huficha kidonda. Mwambie mtu 1 aliyekomaa, wa jinsia yako, anayetunza siri, na mpe ruhusa ya kukuuliza kila Jumamosi swali lilelile. Kisha ziba njia uliyopitia: namba ifutwe, programu iondolewe, pesa zilizokujaribu ashike mwingine.

*Kocha wa riadha*

Hilo swali la Jumamosi liandikwe kwenye karatasi, neno kwa neno, na wewe mwenyewe unayeulizwa. Likiachwa wazi, baada ya mwezi linageuka "vipi, mzima?"