Naitwa niwe mkuu wa idara ya ikolojia, nipo Mtwara. Niulize nini kabla ya kusaini?

KombaWaZiwani: Wakuu, salaam. Tangu nitoke chuo nafanya vibarua vya tathmini za mazingira huku kusini: mimea, ndege, vyura. Sasa kampuni ya ushauri inataka niongoze idara yao ya ikolojia. Vijana chini yangu, bajeti, wateja wa gesi na wa madini ya kinywe. Mshahara unavutia, sifichi. Ila rafiki ananiambia nitaishia kusahihisha ripoti na kugombana na mhasibu. Waliopitia, nisaidieni.

Pweza_Msimbati: Hongera dada! Chukua. Ila kama wana kazi za baharini, hakikisha una mtu wa matumbawe na majani ya bahari. Visima vya gesi vya Msimbati vimo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo huko huingii kichwa kichwa.

MzeeWaRondo: Mwanangu, mshahara uweke pembeni kwanza. Uliza hivi: zabuni ikiandikwa, nani anapanga bei ya kazi ya uwandani? Ugomvi wote wa cheo hicho unaanzia hapo.

Mvua zetu zinaanza karibu na Desemba na kukatika Aprili, Mei. Mteja atataka mwende Septemba, barabara zikiwa kavu. Nendeni basi msitu wa Rondo, kule Lindi, mwezi huo: miti mingi imepukutika, vyura wamejichimbia, mimea haina ua la kuitambulia. Halafu kijana wako anaandika "hakuna spishi adimu", na jina lako ndilo liko chini.

Yule komba mdogo wa Rondo, ambaye umejiita kwa jina lake (nimekuelewa!), anatembea usiku, na wenzetu humtofautisha na komba wengine kwa mlio. Kumtafuta kunataka gari la usiku, tochi, kinasa sauti, posho, na mwenyeji anayeujua msitu. Mstari huo wa bajeti ndio mhasibu anaukata kwanza, maana kwake ni watu wanaokwenda kusikiliza giza. Kama bei imeshapelekwa kwa mteja bila wewe kuiona, utautetea kwa lipi?

Kalamu_Kavu: Mzee, kwa heshima, ukidai misimu miwili, kiangazi na mvua, kila zabuni utakaa bila kazi. Bei ndogo ndiyo inayoshinda.

MzeeWaRondo: Sijasema kila zabuni. Shamba la zamani la mikorosho si sawa na msitu wa hifadhi. Penye msitu, weka msimu wa mvua kama kipengele chenye bei yake. Mteja akikiondoa, iandikwe kwenye ripoti kwamba msimu wa mvua haukuchunguzwa, na ni kwa uamuzi wa nani. Wengi wakisoma sentensi hiyo wanalipa.

KombaWaZiwani: Asante Mzee, shikamoo. Nimewapigia leo. Bei inapangwa na ofisi ya Dar, mwikolojia huletewa ikishapita. Nimeomba hilo libadilishwe kwenye mkataba. Wamesema watanijibu Jumatatu.