Mgonjwa akifa, daktari aende jela? Mimi naanzia kwenye faili

Wadau, kila mama akifia leba na habari ikasambaa, maneno huwa yale yale: "Daktari afungwe, nesi afungwe, iwe fundisho." Watumishi wa afya nao hujibu kwamba daktari si Mungu. Naomba tulijadili, na niseme mapema kwamba jambo hili limeshaingia nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alifariki kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Hospitali siitaji. Saa nne usiku alinipigia akiwa leba: "Dada, tangu magharibi hajaja mtu kunipima." Alfajiri aliyepiga ni shemeji.

Tulizungushwa wiki kadhaa, njoo kesho njoo keshokutwa, hadi tukaoneshwa faili. Ndani mna ile karatasi ya grafu wanayoiita patografu. Mama akiwa na uchungu, humo ndimo wanamoandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, njia imefunguka kiasi gani, presha ikoje. Ya mdogo wangu ilikuwa imejaa. Kila nusu saa ina nukta yake, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alipojifungua, wino mmoja, mwandiko mmoja. Mapigo ya mtoto 140, 140, 140. Shemeji ni seremala, macho yake yamezoea mistari. Aliweka kidole juu ya karatasi, akasema taratibu, "Hii imeandikwa kwa mkupuo mmoja."

Siku ile ningepewa uwezo, ningefunga watu. Baadaye mama mmoja aliyekuwa kitanda cha jirani alitueleza kwamba nesi alikuwa peke yake na wajawazito tisa. Msimamo wangu leo ni huu: yule nesi asifungwe kwa kuchelewa kumfikia mdogo wangu. Aliyejaza ile karatasi ndiye ashitakiwe, hata kama ni nesi huyo huyo.

Wanaosema sheria hakuna, ipo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 195, inahesabu kuwa ni kuua bila kukusudia hata pale mtu anapoacha kutimiza wajibu wake kwa uzembe, na adhabu inafika kifungo cha maisha. Kwa hiyo ubishi ni lini itumike.

Tazameni yaliyotokea Uingereza. Februari 2011, mtoto wa miaka 6 alifariki kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini katika hospitali ya Leicester Royal Infirmary. Daktari aliyekuwa naye, Hadiza Bawa-Garba, alikuwa bado mafunzoni na ametoka likizo ya uzazi. Daktari bingwa wa zamu alikuwa mji mwingine akifundisha, na kompyuta zilikuwa zimegoma, majibu ya damu yakachelewa. Makosa alifanya, tena mazito: hakutambua mapema hali ya mtoto ilivyo mbaya, na kuna wakati alimfananisha na mgonjwa mwingine ambaye hakupaswa kushtuliwa moyo ukisimama, akasimamisha kwa muda kazi ya kumrudishia mtoto uhai. Mwaka 2015 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua kwa uzembe mkubwa, kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Nesi mmoja naye akatiwa hatiani. Januari 2018 akafutwa kwenye rejista ya madaktari, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaitengua hatua hiyo.

Namhurumia yule daktari, na namhurumia zaidi mama wa mtoto. Lakini linalonigusa kwenye hoja yangu ni kilichofuata: madaktari wengi kule waliingiwa na hofu ya kuandika makosa yao kwenye kumbukumbu za mafunzo, wasije wakafungwa kwa maandishi yao wenyewe. Kama huko wanaogopa kalamu, sisi tutapata karatasi ngapi za 140, 140, 140?

India ni mbaya zaidi. Machi 2022, Rajasthan, polisi walimfungulia kesi ya mauaji daktari wa uzazi, Archana Sharma, baada ya mgonjwa wake kufa kwa kutokwa damu. Alijiua. Watoto wa pande mbili wakabaki bila mama.

Hapa kwetu wengi mnakumbuka MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Novemba 2007. Wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa mguu akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Haya, tuambiane, tungemfunga nani? Aliyemtoa wodini, aliyempokea, aliyempa usingizi, au aliyeshika kisu? Kosa kama lile hupita mikono mingi, na ukimfunga mmoja wengine wanapumua.

New Zealand tangu 1974 aliyeumia hospitalini hulipwa fidia bila kulazimika kuthibitisha uzembe, na tangu 1997 daktari hashitakiwi kwa kuua mpaka awe ameenda mbali sana na uangalifu unaotarajiwa kwa daktari. Jela imebaki kwa waliovuka mpaka kweli.

Na mpaka upo. Anayefika zamu amelewa, anayeacha mgonjwa kwenda kwenye kazi yake binafsi, anayedai pesa kwanza ndipo amguse mama anayevuja damu: hao sina neno la kuwatetea, waende. Naongeza anayeghushi faili. Aliyekosea akiwa kazini kwake aitwe Baraza la Madaktari au baraza la wauguzi, leseni ishikwe ikibidi, na ndugu wapewe faili ndani ya wiki ya kwanza, na mtu wa kukaa nao awaeleze saa kwa saa ilivyokuwa. Sisi hatukuelezwa na mtu. Tuliambiwa poleni, ni kazi ya Mungu.

Karibuni, pande zote. Mnaotaka jela, mngeambiwa ukweli wote wiki ile ile, bado mngeitaka? Nanyi mliofanya kazi leba, nawaomba mnijibu bila kuficha: usiku uko peke yako na wajawazito tisa, ile karatasi mnaijaza saa ngapi?