Naomba ushauri: Kutembelea Alentejo, Ureno, bila gari

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri kwa aliyewahi kutembelea Alentejo, kusini mwa Ureno. Nakusudia kuanzia Évora, mji wenye hekalu la Kirumi uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1986, kisha niende Vidigueira, ambako divai bado huchachushwa katika mitungi mikubwa ya udongo (Vasco da Gama, yule wa nguzo ya Malindi, ndiye aliyepewa cheo cha kikabaila cha "Count" wa mji huo). Ningependa kumalizia pwani ya magharibi, ambako korongo hujenga viota juu ya majabali ya baharini. Kwa kuwa siendeshi gari, je, mabasi yanatosheleza? Na je, Septemba, wakati wa mavuno ya zabibu, joto huwa limepungua kiasi cha kuruhusu matembezi marefu ya miguu?